Cane Ridge: Sinodi Ilikosea, au Kamba Ilikuwa Imeshakatika?

Mwaka 1791, Kentucky ikiwa bado sehemu ya Virginia, walowezi wa Kipresbiteri waliotoka North Carolina na mchungaji wao Robert Finley walijenga nyumba ya ibada ya magogo mahali panapoitwa Cane Ridge, Bourbon County. Ilikuwa na urefu wa futi 50 na upana wa futi 30. Watumwa walikuwa na roshani yao juu, nao waliifikia kwa ngazi iliyoegemezwa nje ya jengo. Miaka 13 baadaye jengo lilikuwa palepale na watu wengi walewale, ila usharika haukuwa tena wa Kipresbiteri. Wapo wanaoilaumu Sinodi ya Kentucky, baraza la Wapresbiteri lililokuwa juu ya mabaraza ya maeneo, kwa ugumu wake, na wapo wanaomlaumu mchungaji Barton W. Stone kwa ulegevu wa mafundisho. Kila upande una hoja, lakini zote mbili zinaruka jambo moja: namna usharika wa mpakani, yaani kwenye ukingo wa makazi mapya ya walowezi, ulivyoendeshwa.

Kwa utaratibu wa Wapresbiteri, usharika haujipi mchungaji. Huandika wito na ahadi ya mshahara, na wito huo hupitia presbiteri, yaani baraza la wachungaji na wazee wa eneo. Wakati huo presbiteri ilimpima mtu Kilatini, Kigiriki na theolojia, ilimsikiliza akihubiri, na ilimtaka akubali Ungamo la Imani la Westminster, hati ya mafundisho ya Wapresbiteri. Kipimo hicho kilifaa kwenye nchi yenye vyuo. Mpakani kilizaa uhaba: mchungaji mmoja aligawanywa kwa sharika mbili au zaidi, na Jumapili asipokuwapo hapakuwa na mahubiri yake. Stone alipowekewa mikono mwaka 1798 alipewa Cane Ridge pamoja na usharika wa Concord. Alipoulizwa kama analipokea Ungamo, alijibu kuwa analipokea kadiri anavyoliona linaafikiana na neno la Mungu. Presbiteri ikapitisha. Sharti hilo dogo ndilo lililokuja kuwa gharama ya miaka mitano baadaye, na waliolipitisha hawakuwa watu wa uamsho wenye kichaa. Walikuwa baraza lenyewe.

Halafu ikaja Agosti 1801. Wengi huielezea mikutano ya Cane Ridge kana kwamba ni Wamethodisti waliovamia nyumba ya watu. Sivyo. Kiini chake kilikuwa msimu wa Meza ya Bwana wa Kiskoti, jambo la Kipresbiteri tangu mizizi: siku za kufunga na maandalizi, Meza Jumapili, shukrani Jumatatu. Wazee waliwahoji washirika, kisha walimpa aliyestahili kipande kidogo cha madini ya risasi, mfano wa sarafu. Asiyekuwa nacho hakuketi mezani. Watu walikula kwa zamu kwenye meza ndefu, na kabla ya kuketi mhubiri alitaja nani asisogee. Siku zile waliosogea walikadiriwa kuwa kati ya 800 na 1,100. Meza ikiwa ya watu 100, hizo ni zamu nane hadi kumi na moja.

Tatizo lilikuwa waliobaki nje. Makadirio ya umati huanzia 10,000 na kupanda hadi 25,000 (mimi ningeamini tarakimu ya chini), wakati Lexington, mji mkubwa wa jimbo, ulikuwa na watu 1,795 kwa sensa ya 1800. Nyumba ya futi 50 kwa 30 haimezi umati huo. Wahubiri wakatawanyika kwenye majukwaa, magari ya farasi na visiki. William Burke, Mmethodisti ambaye hakuitwa jukwaani, alihubiri akiwa juu ya mti ulioanguka. Watu walianguka, walitetemeka, walipiga kelele. Wazee wenye vipande vya risasi hawakuwa na namna ya kumpima aliyeangukia porini chini ya mhubiri wa dhehebu jingine. Kilichovunja mkutano ni chakula: cha watu kiliisha, na cha farasi vilevile.

Hapo Sinodi ina haki yake. Waliohubiri kwamba Kristo alikufa kwa ajili ya wote na kwamba mwenye dhambi anaweza kuamini palepale walikuwa wanapingana na Ungamo waliloapia, linalofundisha kuwa Kristo aliwafia wateule, na kanisa la ungamo lisipouliza swali hilo halina kazi. Mwaka 1803 mjini Lexington Sinodi ilitaka kuwahoji Richard McNemar na John Thompson. Wao, pamoja na Stone, John Dunlavy na Robert Marshall, wakajitoa kabla ya kuhojiwa, wakaunda Presbiteri ya Springfield, na Juni 28, 1804 wakaivunja wenyewe kwa kuiandikia wosia. Mwaka uliofuata McNemar na Dunlavy walijiunga na Shakers, dhehebu lililoishi kwa pamoja bila ndoa. Mwaka 1811 Marshall na Thompson walirudi kwa Wapresbiteri. Hoja ya Sinodi kwamba watu hawa hawakujua wanakoelekea haikukosa ushahidi.

Lakini upande wa pili hauwezi kufutwa. Sinodi ilikataa kulegeza kipimo cha elimu pale ambapo hapakuwa na watu wa kukitimiza, kisha ikashangaa sharika zikimfuata mchungaji badala ya baraza. Kwa mkulima wa Cane Ridge, Stone ndiye aliyekuwa kanisa lote alilowahi kuliona. Na uamsho si lazima uishie kwa kutoka: ule ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 nao ulitikisa makanisa, ila wengi wa wafuasi wake walibaki ndani ya makanisa hayo.

Kwa maoni yangu Sinodi ilikuwa sahihi katika fundisho na ilichelewa katika utaratibu: swali la 1803 lilipaswa kuulizwa 1798, kwenye jibu lile la “kadiri ninavyoliona”. Rufaa kwa Baraza Kuu, lililokuwa juu ya Sinodi, ilikuwepo, lakini watano hawakuisubiri. Stone alirudi kwa sharika zake mbili, akawaambia hawezi tena kuwahudumia kama Mpresbiteri, akawafungua na ahadi ya mshahara iliyokuwa kwenye wito, kisha akashika jembe shambani kwake. Waliobaki naye hawakumwandikia wito mwingine.