Kwani Injini Ikifunguliwa Inakuwa Maiti?

Jumamosi ya tatu ya Agosti huwa sikosi Woodward, barabara ile ya kutoka Detroit kwenda Pontiac. Tangu 1995 siku hiyo ni ya magari ya zamani: GTO, Charger, Mustang, Chevelle, foleni isiyokwisha, harufu ya petroli na ngurumo za V8 zinazokutikisa kifua. Safari hii nilikwenda na jirani yangu, mzee mstaafu wa kiwandani, na Chevelle SS yake ya 1970. Tumeegesha, tumekunjua viti, boneti iko wazi. Akaja jamaa, akachungulia, akauliza kama injini ni ya gari hilohilo. Mzee akasema ndiyo, ila aliifungua yote majira ya baridi yaliyopita. Jamaa akabetua mdomo: "Aa, basi si orijino tena."

Nimerudi na hasira hiyo mpaka nyumbani.

Imeniuma kwa sababu nimekua nikiyasikia maneno hayohayo kwa Kiswahili. "Injini haijafunguliwa, bosi," ndiyo salamu ya dalali wa magari kwetu, kana kwamba spana ni najisi. Mjomba alipokuwa anauza Peugeot 504 yake, mnunuzi alimuuliza kama injini imewahi kufunguliwa. Mjomba akamjibu, "Kwani wewe hujawahi kung'olewa jino?" Gari halikuuzwa siku ile, lakini swali lake bado linasubiri jibu.

Hebu tuulizane, orijino ni kitu gani kwenye injini? Ringi? Beringi? Gasketi? Hivyo viliundwa viliwe. Hakuna aliyetengeneza ringi mwaka 1970 akitarajia itazeekea humo. Kinachobaki ni bloku, lile gogo la chuma lenye silinda. Kwenye Chevelle ya mzee, mbele ya silinda hedi ya upande wa abiria, kuna kijisehemu chembamba cha chuma kilichogongwa namba: herufi T ya kiwanda cha Tonawanda, tarehe ya kuunganishwa, herufi za aina ya injini, na mkia wa namba ya chasisi. Hicho ndicho cheti cha kuzaliwa. Sisi tunaoandikiwa namba ya injini kwenye kadi ya gari hatuhitaji kufundishwa hilo. Bloku ile ikiwa bado imo ndani ya gari lile, silinda zake zikapanuliwa inchi 0.030, ikavishwa pistoni mpya, ringi mpya, kamshafti mpya, na hedi zake zikawekwa viti vya valvu vigumu vya kustahimili petroli isiyo na risasi, ni injini ileile. Imetibiwa. Haikuzikwa.

Tena kuitibu ni heshima, maana nyingi hazikupata bahati hiyo. Magari haya yalinunuliwa na vijana, wakayakimbiza kutoka taa hadi taa mpaka injini zikapasuka, wakapewa nyingine kwa dhamana ya kiwanda, na ile yenye namba ikaenda kwenye vyuma chakavu. Nani alijua? Camaro ZL1 ya 1969, zilizotengenezwa 69 tu, injini yake ya aluminiamu peke yake iliongeza bei kwa zaidi ya dola 4,000, na baadhi ziliwadodea wauzaji. Leo mtu akikuta bloku ya namna ile nyuma ya banda la kuku anapiga magoti.

Anayetaka kulilia uorijino, alie hapa: kwenye karakana ya kuchonga. Namba zile ziko kwenye uso uleule ambao silinda hedi inakalia. Fundi asiyejua, au asiyejali, akiusawazisha wote kwa mashine, namba zimekwenda. Sekunde chache tu. Jamaa mmoja ninayemfahamu alipeleka bloku yake mahali, hakusema kitu, akarudishiwa chuma kinachong'aa kama sinia la harusi, kisicho na jina. Risiti alipewa, ya huduma bora! Mzee wangu yeye alibandika karatasi juu ya bloku, akapiga simu, kisha akaenda mwenyewe kusimama pale. Walimwona msumbufu. Na awe msumbufu.

Halafu kuna wagongaji. Hao huchukua bloku yoyote, wakaikwangua, wakaigonga upya herufi CRV ili Chevelle ya kawaida igeuke ile yenye injini ya LS6 ya nguvu farasi 450. Ndiyo maana mjuzi akiinama na tochi hasomi namba kwanza. Anatafuta mistari myembamba iliyoachwa na mashine ya kiwandani. Mistari hiyo ikikosekana, funga pochi yako.

Sawa, nakubali, injini mpya ya kwenye boksi ina nguvu zaidi, haivuji, inawaka hata kwenye baridi ya Januari. Haya. Na bloku haipanuliwi milele, kila ukipanua unakula ukuta wake. Mwisho utatafuta slivu, bomba la chuma la kuvalisha ndani ya silinda. Na kama injini ni nzima kabisa, iache.

Lakini uorijino mtakatifu usinihubirie. Hiyo SS ya mzee ina beji ya 396, na kiwanda chenyewe mwaka ule kiliweka injini ya inchi za ujazo 402 kikaacha beji ya zamani. Uongo umetoka nao kiwandani, ukiwa na rangi safi.

Jamaa yetu wa kubetua mdomo alikuwa ameegesha lake umbali wa magari matatu mbele yetu: Camaro ya 1969, ndani injini ya juzi yenye kompyuta. Nilitaka kumwambia kitu, mzee akanishika mkono. Akaingia, akawasha. Jamaa akageuka, akarudi, akasikiliza pale kama dakika nzima, kisha akauliza bei. Mzee akashuka, akafunga boneti.