Manowari haziendi ovyo, tusizipime ovyo

Nimesoma ripoti nyingine ya kupima mitandao isiyo na waya ya manowari, na nimekereka. Katika uigaji wa kompyuta, nodi 50 (kila nodi ni meli yenye redio) zimetupwa kwenye uwanja bapa wa mita 1,000 kwa 1,000, kila moja inachagua popote pa kwenda, inafika, inapumzika, inachagua kwingine. Kisha hitimisho: AODV, itifaki ya kutafutia ujumbe njia kutoka nodi hadi nodi, inafaa kwa jeshi la majini. Ni kikosi gani kinachosafiri hivyo?

Kila redio ilifikia umbali wa mita 250 tu. Meli ya kubeba ndege ya daraja la Nimitz ina urefu wa mita 333 hivi. Redio hiyo haitoki hata tezi hadi omo. Antena mbili zilizo mita 25 juu ya maji hufikiana kwa takriban kilomita 41.

Lakini kinachoniuma zaidi ni mwendo. Kikosi kina mpangilio: mwelekeo mmoja, umbali uliopangwa, kugeuka kwa amri. Kwa saa nyingi majirani wa kila meli ni walewale. Kisha amri inatoka, meli zinageuka na kulala upande, milingoti na kuta za chuma zinaziba antena, viungo kadhaa vya redio kati ya meli vinakatika kwa mkupuo. Hapo ndipo mtandao unapopimwa! AODV ikitumia salamu, yaani jumbe fupi za kuwajulisha majirani kuwa nodi ipo, huzituma kila sekunde 1, na OLSR, itifaki nyingine ya njia, husambaza taarifa za viungo kila sekunde 5. Basi niambie njia mpya ilipatikana baada ya sekunde ngapi. Wastani wa safari nzima unaficha jambo hilo. Pakiti (vipande vya ujumbe) 95 kati ya 100 zimefika, sawa, ila zile 5 zilipotea lini? Kama zilipotea zote wakati wa kugeuka, huku kombora likija, wastani huo haumsaidii baharia yeyote.

Na kuna nyakati meli huamriwa kunyamazisha redio kabisa. Salamu za kila sekunde zitamwonyesha adui meli zilipo.

Nakubali, si kila mtafiti atapewa manowari za kufanyia majaribio, kwa hiyo uigaji hatuuepuki. Ila mwaka 2003 watafiti Yoon, Liu na Noble walionyesha kuwa katika modeli hiyo ya mwendo wa kubahatisha, kasi ya chini ikiwekwa sifuri, wastani wa kasi huendelea kushuka kadiri uigaji unavyoendelea. Modeli ya mwendo wa kikundi, ambamo nodi hufuata kiongozi, ipo tangu 1999. Anayepima manowari aanzie hapo, aongeze mawimbi ya bahari na amri ya kugeuka, kisha atuonyeshe sekunde mbaya kuliko zote.