Ndege ya Mosquito na Lawama Iliyoangukia Mbao

Mosquito, ndege ya kivita ya Uingereza iliyoruka kwa mara ya kwanza tarehe 25 Novemba 1940, mara nyingi huelezwa kuwa zao la dhiki: alumini ilikuwa adimu, basi wahandisi wa kampuni ya de Havilland wakaridhika na mbao. Uhaba ulikuwepo kweli, lakini maelezo hayo yanainyima mbao haki yake.

Ukuta wa kiwiliwili ulikuwa mbao nyepesi ya balsa kutoka Ekwado, iliyobanwa katikati ya plaiwudi nyembamba ya mbetula. Kiliundwa kwa nusu mbili, vifaa vingi vikafungwa ndani kungali wazi, kisha nusu hizo zikaunganishwa kwa gundi, na nje pakabaki laini, bila vichwa vya ribiti, yaani misumari ya kuunganishia mabati, vya kukwaza hewa. Katika majaribio ya 1941 ilikaribia kilomita 630 kwa saa, na kwa kutegemea mbio hizo toleo la kudondosha mabomu halikufungwa bunduki hata moja, likaendeshwa na watu wawili tu. Idadi hiyo haizingatiwi inavyostahili. Lancaster, ndege kubwa ya mabomu ya Uingereza, ilibeba mabomu mengi zaidi, ni kweli, lakini ilibeba pia watu saba, na kila ilipotunguliwa waliokuwa hatarini ni wote saba.

Wakosoaji huelekeza kidole India, mwaka 1944, ambako mabawa ya Mosquito yalivunjika angani, watu wakafa, na ndege zikazuiwa kuruka. Joto na unyevu vililaumiwa, pamoja na gundi ya kasini itokanayo na maziwa, ambayo kwa hakika haivumilii unyevu na ilikuja kuachwa kwa gundi ya fomaldehaidi. Hata hivyo, uchunguzi uliofuata ulibaini kwamba katika baadhi ya mabawa plaiwudi haikuwa imeshikana sawasawa na boriti, mhimili wa ndani wa bawa, tangu kiwandani. Tena ndege hizo zenye kasoro zilitoka Hatfield na Leavesden, viwanda vya de Havilland yenyewe, wala si kazi ya mafundi samani waliopewa sehemu za kutengeneza, ambao ndio wangekuwa wepesi wa kushukiwa.

Pingamizi ninalolikubali ni jingine. Ribiti iliyopigwa vibaya mkaguzi anaweza kuiona kwa macho, ilhali gundi isiyoshika hujificha chini ya ngozi nzima isiyo na ufa. Udhaifu huo ni wa kiungo cha gundi, uwe wa mbao au wa nyuzi za kaboni zinazotumika katika ndege za kivita za leo, na dawa yake ni ukaguzi mkali, si kuikataa mbao.