Jini wa Saa Tano

Nina duka la steshenari Mbagala. Ni fremu moja ambayo mwenye nyumba aliikata katikati kwa plaiwudi ili ale kodi mbili. Upande wangu natoa kopi, naprinti na kuwajazia watu fomu za mtandaoni. Upande wa pili kuna mama anauza wali. Harufu ya nazi yake imenifilisi kuliko hiyo kodi.

Kompyuta yangu ni ya mezani, mtumba wa Kariakoo, CPU (lile boksi lake) na monita ya inchi 17. Kijana aliyeniuzia aliiwasha nikaona inawaka, akachomoa nyaya, akazifunga na solotepu, akasema, "Ukifika, bosi, huu waya wa bluu wa monita ukaze skrubu zake." Nikaitikia ndiyo, vile ninavyomwitikia konda akisema nyuma kuna nafasi.

Wiki ya kwanza salama. Wiki ya pili namchapia mwalimu mmoja barua ya kuomba ruhusa, kioo kikageuka njano kama mgonjwa wa ini, kisha kikazima. Nasema kioo, si kompyuta. Feni inavuma, taarabu niliyoiweka inaendelea kuimba bila wasiwasi. Kikatokea kiboksi kidogo kinachosema kwa Kiingereza kwamba hakuna mawimbi, kikazungukazunguka kona hadi kona kama inzi, kikapotea. Kitaa cha monita kikatoka bluu kikawa cha machungwa.

Mwalimu ana haraka. Nikawaza, barua si nimeshamaliza? Nitaprinti kwa kupapasa. Nikabonyeza Ctrl na P, halafu Enter. Kimya. Nikarudia. Kimya. Nikarudia kwa hasira, mwalimu naye akaomba ajaribu, akabonyeza mara zake kadhaa taratibu, kwa adabu ya kialimu. Ndipo nikaona taa nyekundu kwenye printa: karatasi zimeisha. Nikapakia karatasi, printa ikakohoa, ikaanza kutapika. Barua 17. Mwalimu alizihesabu zote, akalipia moja, akakunja zote 17 mfukoni. "Ruhusa za mwaka huu nimeshamaliza," akasema.

Nikamwita fundi. Akagonga CPU ubavuni kama anayenunua tikiti, akasema, "RAM hii, kaka." Akaibeba CPU peke yake mpaka kwake, maana monita anayo. Nilimfuata, sikutaka kuibiwa kipuri. Akachomoa RAM, kile kibao cha kumbukumbu, akatoa ufutio wa penseli (aliuchukua dukani kwangu, hakulipa), akasugua yale meno ya dhahabu mpaka yakang'aa, akapuliza, akaisukuma pahali pake hadi vishikizo vikalia ta! Akawasha. Kioo chake kikawaka kama mwezi wa kumi na nne. Elfu kumi. Nikarudi, nikachomeka nyaya zangu, ikawaka. Nikamsifia fundi mtaa mzima.

Kesho yake saa tano asubuhi, giza.

Mara ya pili akabadilisha pesti ya prosesa, ile ya kuipooza. Kwake inawaka, kwangu inawaka, kesho saa tano giza. Mara ya tatu akabadilisha betri ile ya duara inayofanana na sarafu, CR2032, volti 3. Hiyo ndiyo ilinitia hasara kubwa kuliko zote. Betri ikitoka, saa ya kompyuta inasahau, na fundi naye akasahau kuirekebisha. Basi kompyuta ikarudi tarehe 1 Januari 2010, katika msimu ambao wanafunzi wamejipanga mlangoni kujaza fomu za mkopo wa chuo. Tovuti zikagoma kufunguka, kwa sababu kwa hesabu ya kompyuta yangu vyeti vyao vya usalama vilikuwa bado havijazaliwa. Nusu saa nzima nilikuwa nalaani bando. Binti mmoja ndiye aliyenyoosha kidole kwenye kona ya kioo. "Anko, huku kwako mimi bado niko chekechea."

Fundi akaja na hukumu mpya: power supply, kile kiboksi cha kuipa umeme, imechoka, elfu 35.

Fundi cherehani wa barazani hakukubaliana naye. Yeye alikuwa ameweka kumbukumbu. "Inazima saa tano. Ijumaa haizimi, Jumapili haizimi. Huyo ni jini, tena anaheshimu dini zote." Nilicheka mbele yake, jioni nikanunua ubani. Moshi ulijaa, wateja wawili wakaondoka wakikohoa, na saa tano iliyofuata giza likaingia kwa wakati wake kama mtumishi wa serikali siku ya mshahara.

Siku hiyohiyo alikuwa amekaa kwenye benchi bibi mmoja, amekuja kutoa kopi ya kitambulisho cha taifa. Alikuwa ameegemea plaiwudi. Akanitazama ninavyohangaika, akasema, "Mwanangu, mbona hiyo televisheni yako inazima jirani akitwanga?"

"Akitwanga nini, bibi?"

"Kisamvu. Mgongo wangu wote unaruka hapa."

Nikanyamaza. Kweli, tu, tu, tu, mlio ambao masikio yangu yalishauzoea kama mlio wa feni. Meza yangu imepigiliwa misumari kwenye plaiwudi ileile. Ijumaa mama anapika pilau, kisamvu hakuna. Jumapili hapiki kabisa.

Nikasukuma ule waya wa bluu kwa kidole, kioo kikawaka. Nikapaza sauti, "Mama, shikamoo! Hebu twanga tena!"

"Marahaba! Nitwange nini, nimeshamaliza!"

"Twanga chochote!"

"Unataka nitwange maji kwenye kinu?"

"Hata hayo!"

Akatwanga kinu kitupu. Pigo la nne, njano. Pigo la saba, giza. Bibi akapiga makofi.

Nikainama nyuma ya CPU. Plagi yenye pini 15, skrubu zake mbili zinaning'inia kama hereni, hazijawahi kukazwa tangu Kariakoo. Kila fundi alipokwenda na CPU alitumia waya wake. Kila niliporudi nilichomeka wangu kwa kusukuma tu, ukashika mpaka kisamvu cha kesho. Nikazikaza kwa vidole. Sekunde kumi, bila shilingi. Bibi sikumtoza kopi, akanikumbusha kwamba alitaka mbili.

Nilikwenda kumweleza mama wa wali. Alisikiliza huku ameshika mchi, akapiga hesabu ya hela nilizompa fundi, akasema kwa hela hizo ningekula kwake wali kisamvu mwezi mzima na deni langu la juzi lingefutika.

Kesho yake saa tano nikakaa mbele ya kioo, mikono kifuani. Fundi cherehani amesimama mlangoni, shahidi. Tu, tu, tu. Kioo kimetulia. Tu, tu, tu. Kimetulia tuli. Nikanyanyuka kushangilia, kioo kikazima, feni ikanyamaza, na taarabu ikakatika katikati ya ubeti.

Mtaa mzima, umeme hakuna.

"Safari hii si mimi!" mama akapiga kelele nyuma ya plaiwudi. "Mchi nimeuweka chini!"