Mwacheni Catherine aseme "nice"

Kuna watu wanaopenda kutukumbusha kwamba neno la Kiingereza "nice", ambalo leo maana yake ni zuri au la kupendeza, zamani lilikuwa tusi, kisha wanataka tuone haya kulitumia kusifu. Historia wameipata sawasawa. Hukumu yao ndiyo siikubali.

Ni kweli neno hilo lilianza vibaya. Mzizi wake ni Kilatini "nescius", yaani asiyejua. Likapitia Kifaransa cha kale, na lilipoingia Kiingereza, mnamo 1300 hivi, kumwita mtu "nice" kulikuwa kumwita mjinga. Chaucer, mshairi Mwingereza wa karne ya 14, alilitumia hivyo. Karne zilizofuata likatangatanga: mara mvivu, mara mwenye haya, mara mtu mchaguzi, mara jambo dogo lisilo na uzito. Maana hii ya mwisho imo katika Romeo na Juliet, tamthilia ya Shakespeare. Mtawa Laurence anaambiwa barua yake haikufika, naye anashtuka: barua ile haikuwa "nice", ilibeba jambo zito. Msomaji wa leo asiyejua historia hii atadhani mtawa anasema barua yenyewe ilikuwa mbaya.

Maana ya kupendeza ilishika mizizi karne ya 18, na walalamishi hawakukawia. Katika riwaya ya Jane Austen, Northanger Abbey, iliyotoka mwishoni mwa 1817 baada ya mwandishi kufariki, Catherine Morland anamuuliza Henry Tilney kama kitabu fulani si "nice" kuliko vyote duniani. Henry anamjibu kwamba bila shaka anamaanisha nadhifu, na hilo linategemea kilivyojalidiwa! Kisha anakisia kuwa hapo mwanzo neno lilihusu unadhifu na ustaarabu tu. Msomi mzima, na amekosea. Maana anayoitetea nayo ilikuwa ya kuja, kama ile anayoikejeli.

Catherine anajitetea: hakukusudia kusema vibaya, lakini kitabu ni "nice", kwa nini asikiite hivyo? Mimi niko upande wake. Maana ya neno huwekwa na wanaolisema na kuelewana, hairithiwi kutoka Roma.

Henry ana hoja moja ya haki: neno linalosifu siku, matembezi na wasichana wawili kwa mkupuo mmoja limepungua makali. Lakini maana mpya haikuzifuta zote za zamani. Hadi leo Mwingereza akiita tofauti kati ya hoja mbili "nice", hasemi inapendeza. Anasema ni ndogo mno, inataka jicho kali kuiona.