Video isiyotaja avenue haizibui mfereji

Mvua kubwa ikinyesha Lubumbashi, simu zinajaa video: maji yameingia nyumbani Katuba, avenue nzima Ruashi haipitiki. Watu wanazisambaza kwa uchungu, na kesho yake hakuna anayefika kwenye ofisi ya komini, yaani manispaa. Uchungu huo unapotea bure, na inaniuma, kwa sababu kilichokosekana ni kidogo.

Unapopiga video, shika simu ikiwa imelala. Kwa sekunde 10 onyesha kitu ambacho kila jirani anakitambua, shule au kanisa au kabini ya SNEL, shirika la umeme, ndipo usogelee uharibifu. Taja kwa sauti tarehe, saa, avenue, kartie (mtaa) na komini. WhatsApp hufuta taarifa za siku na mahali zilizomo ndani ya picha ya kawaida. Kwa hiyo picha ya asili ibaki kwenye simu yako, na mwandishi wa redio umtumie kama dokima (faili ya "document"), si kama picha ya kawaida. Video isiyotaja chochote itarudi msimu ujao kana kwamba ni ya leo, na ofisa atapata sababu ya kuzikataa hata zile za kweli.

Kwa mito kama Naviundu na Kafubu, ambako maji machafu ya viwanda na migodi ni kilio cha miaka mingi, picha moja ya maji yaliyobadilika rangi haitoshi. Piga picha upande wa juu wa mto, kabla ya mahali uchafu unapoingilia, kisha upande wa chini yake, siku hiyohiyo. Bila ile ya juu, kiwanda kitasema maji yalikuja hivyo tangu mbali. Andika pia saa na harufu. Usitaje kampuni kwa kusikia tu: Code du numérique, sheria ya mambo ya kidijitali ya mwaka 2023, inaadhibu pia anayesambaza habari za uongo, si aliyezianzisha peke yake.

Halafu mtafute mwenye kazi. Bomba lililopasuka ni la REGIDESO, shirika la maji; transfoma iliyoungua ni ya SNEL. Ukilaumu "serikali" tu, kila ofisi inamwangalia jirani yake.

Wengi hawajui kwamba kifungu cha 27 cha Katiba ya 2006 kinampa kila Mkongomani, peke yake au pamoja na wenzake, haki ya kuandikia mamlaka ya umma ombi, nayo inapaswa kujibu ndani ya miezi 3. Ukurasa mmoja wa Kifaransa unatosha, na picha 2 zilizochapishwa, majina na sahihi za wakaaji wa avenue. Peleka nakala mbili. Yako igongwe muhuri na kuandikwa tarehe ya kupokelewa, la sivyo huna pa kuanzia kuhesabu miezi hiyo. Kwangu, karatasi hiyo ina uzito kuliko video iliyotazamwa na mji mzima.

Kazi ikifanyika, piga video tena ukiwa umesimama palepale, uitume kwenye kundi lilelile pamoja na jina la ofisi iliyoitika.