D nne, na moja haihesabiki

Binti wa dada yangu alikuja kwangu na cheti chake cha kidato cha nne kwenye faili la nailoni, akakiweka juu ya mkeka. Maombi yake ya kusoma astashahada ya ustawi wa jamii yalikuwa yamekataliwa. "Mama mdogo, si wanataka D nne? Mbona mimi ninazo?" Tukahesabu wote wawili: Kiswahili, Historia, Uraia, Elimu ya Dini ya Kiislamu. Ni nne kweli. Lakini kwa vyuo vilivyo chini ya NACTVET, baraza linalosimamia elimu na mafunzo ya ufundi, somo la dini halimo katika zile nne. Mwanangu ana tatu.

Hakuna aliyewahi kumwambia. Kasoma miaka minne hapa Nachingwea, na dini ndilo somo alilolikimbilia kila hesabu zilipomshinda. Watoto wa namna hiyo ni wengi huku Lindi na Mtwara, maana somo hilo wanaanza nalo madrasa kabla hata ya kuijua shule. Walisome na walifaulu, ni haki yao, na mimi mwenyewe nililisoma. Ninachotaka ni wajulishwe wakiwa kidato cha pili, mapema, kwamba D ya dini haitawavusha kwenye maombi ya chuo. Jambo hili linasemeka mstarini asubuhi, kabla ya wimbo wa taifa kwisha kuwapoa midomoni.

Na kwa kuwa wapo wenye swali kama lake, nieleze njia yenyewe ya kufika chuo kikuu. Anayetoka kidato cha sita, TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu, inamtaka awe na prinsipo mbili, yaani masomo mawili aliyofaulu kwa alama ya A hadi E, zenye jumla ya pointi 4 kuanza shahada. A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1. D mbili zinakuingiza, C na E zinakuingiza, D na E ni 3 na umebaki nje. Anayetoka kidato cha nne anapitia astashahada (cheti) na stashahada, miaka mitatu kwa kawaida, na stashahada yake iwe na GPA, yaani wastani wa alama, isiyopungua 3.0. Kila chuo kinaweza kuongeza masharti yake juu ya hayo, kwa hiyo mwongozo wa mwaka husika usomwe, usisimuliwe na jirani.

Wengi wanadhani ukishapata stashahada cheti cha kidato cha nne unakifungia kabatini. Sivyo. Ukiomba shahada kwa stashahada, hata yenye GPA ya 4, bado wanakuuliza D zako nne. Yaani alama ulizopata ukiwa na miaka kumi na saba, msimu ambao nyumba nzima iko shambani kuokota korosho na mtihani ni Novemba, zinakufuata hadi mlango wa chuo kikuu.

Lakini sharti hilo hilo la TCU lina kipengele ambacho ningependa kila mtu akisome mara mbili. Mwenye stashahada ambaye D zake hazifiki nne anaweza kukubaliwa akiwa na cheti cha ufundi stadi cha ngazi ya tatu, kile kinachotolewa kupitia vyuo kama VETA. Nchi ilikwishakubali, basi, kwamba mikono iliyofundishwa useremala au umeme inaweza kusimama mahali pa D ya Jiografia. Naliunga mkono jambo hilo kwa moyo wote. Swali langu ni moja: kama ufundi wa mbao unahesabiwa, ufundi wa kukaa na watu hauhesabiwi kwa nini, tena kwa shahada ambayo kazi yake yote ni kukaa na watu?

Binti huyu ana miaka minne ya kujitolea kijijini, kwenye kamati ya ulinzi wa wanawake na watoto. Mwaka jana kulikuwa na bibi mmoja analea wajukuu watatu, wakubwa wawili hawaonekani shuleni. Maofisa walikuja na gari, wakauliza maswali kwa Kiswahili cha ofisini, bibi akaitikia "ndiyo" kila swali na wakaondoka na fomu iliyojaa. Mwanangu alikwenda kwa miguu. Siku ya kwanza alibangua korosho tu na bibi, wakazungumza Kimwera, habari za unyago wa zamani na mvua. Siku ya tatu bibi akasema mwenyewe: watoto wanakwenda kwa zamu kwa sababu shati la shule ni moja. Ni shati tu. Lilipatikana wiki hiyo hiyo. Sijui ni mtihani gani wa Novemba ungempima mtu kwa jambo lile, na ndiyo maana nasema lipimwe kwa njia nyingine.

Najua jibu nitakalopewa. Ofisa ustawi wa jamii hafanyi kazi ya huruma peke yake. Chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 anaandika taarifa za kupelekwa mahakamani, na sentensi moja iliyoandikwa vibaya inaweza kumrudisha mtoto kwa yule yule aliyemuumiza. Nakubali, na kwa hiyo siombi GPA ya 3.0 ishushwe wala miaka ya masomo ipunguzwe. Asiyeweza kuandika akafundishwe kuandika kwanza. Ombi langu linahusu ile D moja iliyopungua: mwenye miaka ya kazi iliyothibitishwa na serikali ya kijiji na ofisi ya ustawi ya halmashauri, kazi hiyo ipimwe na isimame mahali pake.

Tena si jambo geni. TCU ina utaratibu wa kutambua maarifa aliyoyapata mtu nje ya darasa. Mwombaji anaandaa jalada la kazi zake na kufanya mtihani. Lakini kwa miaka yote niliyokaa kwenye vikao vya kijiji na vya kata, sijamsikia hata mtu mmoja akiutaja utaratibu huo. Chuo Kikuu Huria kina vituo Lindi na Mtwara. Watu wa vituo hivyo wangekuja kwenye mikutano ya vijiji, wakaeleza hata nusu saa, Liwale na Nanyumbu kungepatikana waombaji ambao hakuna anayewajua leo.

Mwanangu hakusubiri barua yangu hii imfikie mtu. Amejiandikisha kurudia Jiografia na Biolojia kama mtahiniwa wa kujitegemea, na ada ya mtihani amelipa kwa fedha ya korosho zake mwenyewe. Anasoma usiku kwangu kwa sababu kwao hakuna umeme. Mchana bado anazunguka na kamati. Jana alichelewa kurudi. Nilipomuuliza akasema alikuwa kwa yule bibi, mdogo wa mwisho naye sasa ameanza darasa la kwanza.